Mwanapili na Gari la Kijani

Katika miaka ile ya hamsini, mwanamke wa Msambweni aliyetaka kupigwa picha alikuwa haendi kwa Chande. Alikwenda kwa mkewe, Mwanapili. Chumba chao kilikuwa kimoja, kwenye njia ya kwendea hospitali, kimekatwa katikati kwa pazia la kitambaa cha marekani. Upande wa mbele Chande aliwapiga picha wanaume: makarani, walimu wa madrasa, vijana waliopata kanzu mpya. Upande wa nyuma, ambako mwanga uliingia kwa dirisha dogo la juu, Mwanapili aliwapokea mabibi harusi na mama zao, wakavua buibui zao na kucheka wapendavyo.

Chande alikuwa amejifunza kazi Mombasa kwa Mgoa mmoja. Aliporudi kwao na kuoa, aliona nusu ya mji haitavuka mlango wake, basi akamfundisha mkewe. Picha za wanawake alizisafisha Mwanapili peke yake, ndani ya chumba cha giza kilichokuwa stoo ya nazi kabla hawajakiziba kwa mabati. Chande hakukanyaga humo mpaka picha ziwe zimekauka na kutiwa ndani ya bahasha. Hakuna aliyempa sharti hilo. Alijipa mwenyewe, na watu wakamwamini kwa sababu hiyo. Mwanapili alimpenda kwa hilo kabla hajampenda kwa lolote jingine.

Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Waliishi na mama yake Chande, Bibi Mwanaima, mjane wa maneno machache na tambuu nyingi, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita Mwanapili mwanangu, si mkaza mwanangu.

Magari yalianza kuja mwaka wa hamsini na nne. Bara kulikuwa na Hali ya Hatari, na wazungu wengi walishuka pwani kuvuta pumzi. Mmoja wao, mwenye shamba la minazi upande wa Diani, ambaye watu walimwita Bwana Kofia kwa sababu hawakupata kumwona kichwa wazi, alitengeneza njia ya udongo kulizunguka shamba lake na kuwaalika rafiki zake waje na magari yao. Hayakuwa magari ya kuchukua abiria. Yalikuwa magari ya mashindano ya zamani, yaliyokimbia Ulaya kabla ya vita, mengine kabla Chande hajazaliwa. Hayakuwa na paa wala milango, magurudumu yalikaa nje, na kila moja lilinguruma kwa sauti yake. Yaliletwa kwa treni hadi Mombasa, yakavushwa Likoni, na mwisho mmoja wa juma kila mwaka yakashindana pale shambani: Jumamosi kujaribu, Jumapili kukimbia kweli.

Bwana Kofia alihitaji mpiga picha, akaambiwa yuko mmoja Msambweni.

Jioni ya Jumapili ile ya kwanza Chande alirudi nyumbani amejaa vumbi mpaka kope. Hakutaka kula.

"Mwanapili, laiti ungaliyaona," alisema. "Kuna moja la kijani, refu, anayeliendesha ni mzee wa masharubu meupe. Likipita, ardhi inakutetemesha mpaka mifupani. Mimi nilikuwa nimesahau kama nina mikono."

"Ulipiga lakini?"

"Nilipiga."

Aliposafisha filamu, magari hayakuwamo. Yalikuwapo madoa tu, kama moshi uliopakwa kwa kidole. Zilizotoka vizuri ni za magari yaliyosimama, na za wake za wazungu wakinywa chai chini ya turubai. Bwana Kofia hakukasirika. Alimwambia aje tena mwaka ujao. Lakini Chande hakujisamehe. Mwaka mzima aliyaongelea magari yale. Alikaa barabarani akipiga picha za basi la Lunga Lunga likipita, na baiskeli, na mbwa anayekimbia. Filamu zikamalizika kwa mbwa. Mwanapili alimcheka, naye akacheka pia, na siku zile zilikuwa siku njema za nyumba yao.

Mwaka uliofuata, juma la mashindano lilipokaribia, alimwambia mkewe: "Mtu mmoja hatoshi. Nikiwa pale wanapoanzia, siwezi kuwa penye kona. Na kwenye kona ndiko gari linakoonyesha roho yake. Njoo unisaidie."

Bibi Mwanaima alitema tambuu yake. "Mke wako akakae kati ya wazungu? Na watu watasemaje?"

"Mama, kwenye kona ya kisima hakuna mzungu. Pana wanawake wa shamba wanafua nazi. Atakaa na wenzake."

Bibi akamtazama Mwanapili. Akaona uso wake ulivyong'aa, akaliacha neno lile.

Basi Mwanapili akaenda, amejitanda leso mbili, kamera ya kukunja ya upande wa nyuma ya pazia ameificha kwapani. Wanawake wa kisimani walimpisha mahali juu ya rundo la makumbi ya nazi. Chande alikuwa amemwagiza: alikazie macho shina la mnazi uliopinda, gari likifika hapo abonyeze. Mwanapili alifuata. Gari la kwanza likapita, akabonyeza, akajua kwamba limekwisha kupita. La pili likawa vivyo hivyo. Hakuona chochote ila vumbi na mnazi.

Ndipo akaliona lile la kijani likija kwa mbali, na mzee wa masharubu meupe juu yake. Mwanapili akaacha kuutazama mnazi. Akamtazama mzee. Alimtazama kama alivyowatazama mabibi harusi, ambao hawatulii hata uwaombe vipi, ukawa huna budi kuwafuata kwa kamera polepole mpaka uso wenyewe ujilete. Akageuka pamoja na gari, kiuno na mabega, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho. Gari likaegemea kona, gurudumu moja likaachana na ardhi, na mzee akauma mdomo wa chini kama mtoto. Akabonyeza huku bado anageuka.

"Umelipata?" akauliza mwanamke mmoja aliyekuwa ameziba masikio.

"Sijui," akasema Mwanapili. "Ila yeye nimemwona."

Kesho yake wakaingia chumba cha giza wote wawili. Filamu za Chande zilikuwa nzuri kuliko za mwaka uliopita, lakini magari yaliyokuwa yakikimbia yalibaki madoa. Kisha wakatia karatasi ya Mwanapili ndani ya dawa. Katika ule mwanga mwekundu wa kibatari chenye kioo chekundu, gari likaanza kujitokeza. Kwanza mstari wa ubavu wake, halafu magurudumu, halafu uso wa mzee, safi kabisa, na meno yake juu ya mdomo. Minazi ya nyuma ilikuwa imevutika yote kuwa michirizi, kama mvua inayopita ubavuni. Ilikuwa picha iliyosimama, na gari lilikuwa linakwenda.

Chande aliiinamia karatasi mpaka Mwanapili akaogopa.

"Imeharibika?" akauliza.

"Hii umeipigaje?"

Akamweleza. Chande akamshika mikono iliyolowa dawa, akaibusu, na Mwanapili akahisi kwamba maisha hayawezi kumpa zaidi ya hapo.

Picha zilipopelekwa, haikupita siku nyingi akaja mzungu mwembamba, mwenye gazeti la magari huko Nairobi. Alikuwa bado kwa Bwana Kofia, na alikuwa ameiona ile picha. Alikaa kwenye kiti cha wateja upande wa mbele, na Mwanapili alikuwa nyuma ya pazia akikata kingo za picha za harusi. Mzungu alisema Kiswahili cha bara, kifupi kifupi, lakini kilieleweka.

"Picha hii nani alipiga?"

Mwanapili aliacha mkasi.

"Mimi, bwana," Chande akasema. "Nilikaa penye kona."

Mzungu akasifu sana. Akasema ameona picha nyingi za magari, hapa na kwao, hajaona mtu mwenye jicho hili. Akataka Chande aje Nairobi kufanya kazi kwenye gazeti lake, aende kila penye mashindano.

Alipoondoka, Chande alilifungua pazia. Hakuinua macho.

"Ningesema ni mke wangu, angecheka," alisema. "Angeinuka aende zake. Wewe unajua."

Mwanapili alikuwa amekwisha kumsamehe hata kabla pazia halijafunguliwa. "Nyumba ni moja," akamwambia. "Aliyepiga na asiyepiga, tumepiga sote."

Aliyasema kwa moyo safi. Aliyaamini.

Chande alisema ataanza peke yake, akipata chumba amwite. Siku ya safari Mwanapili alimfungia nguo zake, na halua, na chupa za dawa alizozizoea. Bibi Mwanaima alimwombea dua mlangoni. Chande alipokwisha kuingia basini, alitoa kichwa dirishani akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mwanapili, ukiniona kimya, jua natafuta chumba!" Watu wakacheka. Mwanapili naye akacheka, akafuta macho kwa leso.

Kimya kilikuja. Mwanzoni kilikuwa na vituo: msafiri fulani kaleta salamu, dereva fulani kamwona, anapendeza, amenenepa. Baadaye hata salamu zikawa za mama peke yake. Mwanapili aliendelea na kazi. Wanaume waliokuja upande wa mbele aliwaambia mwenyewe yu safarini. Alipoulizwa lini atarudi, alijibu, "Chumba hakijapatikana," mpaka akaona watu wanaangaliana, akaacha kujibu.

Akarudi mwaka wa hamsini na sita, na magari. Alifikia kwenye mahema ya wazungu wa mashindano, si nyumbani. Ilipofika Ijumaa alasiri, akaja. Alivaa suruali ya khaki yenye mkunjo, nywele zimepakwa mafuta, na kifuani ananing'iniza kamera ambayo Mwanapili hakupata kuona mfano wake. Akambusu mama yake mkono. Akakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni anayeogopa kuchafua shuka.

"Hali yako, Mwanapili?"

"Alhamdulillahi. Na wewe?"

"Kazi nyingi."

Mwanapili alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula alichokipenda. Chande alikula kidogo. Kisha akasema alichokijia. Yule mzungu wa gazeti anataka picha nyingine kama ile. Kila mahali alikokwenda, Chande alikuwa ameijaribu, na hakuipata. Akamwomba mkewe akae tena kwenye kona ya kisima siku ya Jumapili.

Bibi Mwanaima alikuwa uani anasikia. "Chande," akamwita. "Umekuja kumwona mkeo, au umekuja kuazima mikono yake?"

Mwanapili ndiye aliyejibu: "Mama, nitakwenda."

Akaenda. Wanawake wa kisimani walimkumbuka, wakamwekea makumbi yake. Alipiga siku nzima. Alimfuata mzee wa masharubu meupe, akamfuata kijana wa gari jekundu aliyekuwa analia kwa vumbi, akawafuata wote mmoja mmoja. Alijua, bila ya kuiona hata picha moja, kwamba amewapata. Na mara kwa mara, kati ya gari na gari, alitazama ng'ambo ya minazi, ambako Chande alisimama na wazungu wake, mdogo kwa umbali, amemgeuzia mgongo.

Jioni Chande akaja kuzichukua filamu. Mwanapili alikuwa ametayarisha chumba cha giza, amechanganya dawa, amewasha taa nyekundu. Alifikiri wataingia wote wawili kama zamani.

"Hapana," akasema Chande. "Zitasafishwa Nairobi. Huko wana mashine."

"Nisione hata moja?"

"Nitakuletea."

Akazitia mfukoni. Mlangoni alisita, kana kwamba kuna neno limemjia kinywani, kisha akasema usiku mwema, ilhali jua lilikuwa halijatua. Mwanapili akarudi ndani akaizima taa, akaimwaga dawa yote chini ya mpapai.

Talaka ililetwa na Mzee Boga, ami yake Chande, mtu mwema ambaye hakustahili kazi ile. Alifika asubuhi, akakataa kahawa, akazungumza habari za mvua na za ng'ombe wa Kinango. Mwishowe Bibi Mwanaima akamwambia, "Shemeji, sema lililokuleta."

Mzee Boga akaivua kofia yake. "Chande ameoa Nairobi. Huyo mwanamke hataki uke wenza. Amempa Mwanapili talaka moja." Akamgeukia Mwanapili, machozi yakimlenga. "Mwanangu, niwie radhi. Ingalikuwa kwa mapenzi yangu, nisingalifika."

"Hukukosa kitu, ami," Mwanapili akasema. Akainuka, akamletea maji ya kunywa, akasubiri ayamalize, akakichukua kikombe. Alikiosha kwa muda mrefu sana.

Ndugu zake walitoka kwao Kibuyuni kuja kumchukua alipomaliza eda yake. Walikuta mizigo imefungwa, nayo ni mizigo miwili. Bibi Mwanaima alikuwa amekaa juu ya wake.

"Nyumba hii ni ya mwanangu, na mwanangu ni huyu," alisema. "Akienda Kibuyuni, nami naenda Kibuyuni. Akikaa, nakaa."

Ndugu walijaribu kumweleza kwamba haijapata kuonekana, mavyaa kumfuata mtalaka wa mwanawe. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, akaanza kutengeneza tambuu mpya. Wakaifungua mizigo wenyewe.

Hivyo wanawake wale wawili wakakaa. Mwanapili alipiga picha nyuma ya pazia. Upande wa mbele akawakodishia fundi cherehani na mkewe. Watu walimsifu kwa subira. Hawakujua kwamba eda ilikwisha yeye akaendelea kungoja. Talaka ilikuwa moja tu, na moja ina mlango wa kurudiana. Kila basi la kutoka Likoni lilipofunga breki, mkono wake ulitetemeka, na zipo picha za harusi za miaka ile ambazo bibi harusi ametoka na nyuso mbili.

Magari hayakuja tena. Bwana Kofia aliuza shamba akaenda zake kwao, na njia ile ya udongo ikaota magugu.

Mwisho wa mwaka wa hamsini na nane, Bibi Mwanaima alishikwa na homa ya mapafu. Alilala hospitali pale pale jirani, Mwanapili akimlisha uji kwa kijiko. Chande alipelekewa simu ya upepo ya kumwita. Siku moja Bibi alipopata nguvu kidogo, alimshika Mwanapili kidole, akasema, "Mimi nilimzaa. Sijui nilimkosea wapi."

"Hukumkosea, mama."

"Basi wewe ulimkosea wapi?"

Mwanapili akamlisha kijiko kingine cha uji. Bibi Mwanaima alifariki siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, na akazikwa alasiri. Chande aliwasili matanga yameshakaliwa.

Alikuwa amekonda. Hakuwa na kamera. Baada ya hitima, watu walipopungua, alikuja uani alikokuwa Mwanapili akisugua masufuria, akasimama mbali naye, kama ilivyopasa sasa.

"Ahsante kwa kumtunza mama."

"Alikuwa mama yangu."

Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Akamwambia bila kuulizwa. Gazeti lilimwachisha kazi zamani. Zile picha alizozichukua mara ya pili zilimpa jina kubwa, na jina likataka picha nyingine, nyingine hazikupatikana. Mzungu alidhani amekuwa mvivu, au mlevi. Alijaribu kugeuka pamoja na gari kama alivyoelezwa; gari likatoka, lakini limekufa. Yule mwanamke wa Nairobi naye aliondoka.

"Nilikaa naye chumba kimoja, nikawa nakuongelea wewe," akasema. "Mwanapili, turudiane. Ami Boga yupo, ndugu zako wapo. Tufunge ndoa upya. Tutafungua duka Mombasa, upige wewe, na jina liwe lako."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja kwa kila basi. Mwanapili aliyasikia yote, na akasikia pia kilichokosekana ndani yake.

"Picha zile ulizozichukua," akasema. "Uliniahidi utaniletea."

Chande akashika kichwa. "Zilibaki kwao. Sikubakiwa hata na moja."

"Yule kijana wa gari jekundu alitoka?"

"Alitoka. Alitoka vizuri mno." Akaanza kulia. "Machozi yake yalionekana."

Mwanapili naye alikuwa analia, lakini hakuacha kusugua. "Chande, mimi ningekufuata hata tukalale chini ya turubai. Jina ungalilichukua lote, nisingaliuliza. Ulichukua jina, ukaniacha mimi."

"Nilikosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mama yako alikufa akiniuliza nilikukosea wapi. Nikirudi kwako, nitakuwa nakuuliza hivyo kila siku moyoni, na wewe kila siku hutakuwa na la kunijibu. Siwezi."

"Huna mapenzi nami tena?"

Mwanapili aliinua uso, na Chande akaona jibu, na akaona kwamba halitamsaidia.

Akaondoka kesho yake kwa basi la asubuhi. Mzee Boga alimsindikiza hadi barabarani, Mwanapili hakutoka. Basi lilipofunga breki alikuwa chumba cha giza, mlango ameubana. Wanawake wa matangani wakamgongea kumwita kwenye chai, wakarudi tena kumwita kwenye chakula cha mchana. Mara zote mbili aliwajibu kwa sauti ya kawaida kwamba anasafisha picha, akimaliza atakuja. Wakarudi wakakaa mkekani, wakatazamana, kwa kuwa wiki ile nzima ilikuwa ya msiba, na hakuna mtu aliyekuwa amepigwa picha.